Kabla hujapanga jedwali: ninavyosoma fedha za utafiti za kampuni kubwa

Mwaka 2024 kikundi cha watu kumi na wawili, wengi wao wastaafu, waliniomba niwaeleze kampuni kubwa za dunia hutumia kiasi gani kwenye utafiti na maendeleo. Wana mfuko wao wa pamoja, hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi barazani kwa mmoja wao hapa Ilala, na walitaka kupata mwanga kabla ya kuamua lolote kuhusu hisa za nje. Mimi ni mhasibu. Mchana natengeneza hesabu za watu, jioni nafundisha vijana wanaojiandaa na mitihani ya bodi. Nikaandaa jedwali la safu nne: jina la kampuni, fedha za utafiti za mwaka 2023, mauzo ya mwaka huo, na asilimia. Juu kabisa nikaiweka Merck, kampuni ya dawa ya Marekani, dola bilioni 30.5 za utafiti kwa mauzo ya dola bilioni 60.1. Asilimia 51. Nikawaambia, kwa kulinganisha na mauzo yake, hakuna inayoifikia kwenye orodha yangu.

Mzee mmoja aliyekuwa mfamasia wa serikali kwa miaka mingi akavua miwani.

"Binti yangu, mwaka uliotangulia walitumia ngapi?"

Nikapekua karatasi. "Bilioni 13.5, mzee wangu."

"Sasa hao watafiti wameongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya mwaka mmoja? Wamewatoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikafungua ripoti ya Merck na kusoma maelezo ya hesabu, kurasa ambazo nilizipita mara ya kwanza kwa haraka ya kutafuta namba. Jibu lilikuwepo. Mwaka 2023 Merck waliinunua Prometheus Biosciences, na kiasi cha dola bilioni 10.2 cha ununuzi huo kikaandikwa kwenye mstari wa utafiti. Wakainunua na Imago, bilioni 1.2 nyingine. Kisha wakaingia ubia wa dawa za saratani na Daiichi Sankyo ya Japani, bilioni 5.5, mstari uleule. Jumlisha: 16.9. Toa kwenye 30.5, unabaki na 13.6, karibu sawa kabisa na mwaka uliotangulia. Asilimia inashuka kutoka 51 hadi kama 23. Watafiti hawakuongezeka mara mbili. Kampuni ilinunua kazi ya watafiti wa wengine, na kanuni za uhasibu za Marekani zinataka bei ya dawa ambazo bado zinafanyiwa majaribio, zikinunuliwa kwa mtindo ule, iandikwe yote kama gharama ya mwaka huohuo.

Iliniuma, maana watu wale walikuwa wananiamini. Tangu hapo sipangi kampuni mbili kwenye jedwali moja mpaka nijue kila moja imeweka nini ndani ya namba yake. Utaratibu ninaoufuata ndio huu hapa, na nimeuandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuzisoma namba hizi: mwanafunzi, mwandishi wa habari za biashara, au mwanakikundi kama wale wa Ilala.

Anzia kwenye ripoti yenyewe

Habari za magazeti na picha zenye mistari ya rangi zinazozunguka kwenye simu ziache kwanza. Kampuni yoyote iliyoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Marekani huwasilisha ripoti yake ya mwaka kwa mamlaka ya masoko ya mitaji, SEC, na ripoti zote zimewekwa wazi kwenye hazina yao iitwayo EDGAR. Hulipi hata senti. Za kampuni za Marekani zinaitwa Fomu 10-K. Za kampuni nyingi za nje zilizoorodheshwa huko, kama Toyota, ni Fomu 20-F. Ambazo hazipo kule, kama Volkswagen au Huawei, huweka ripoti kwenye tovuti zao. Mafaili ni mazito, kwa hiyo kama unategemea bando, yapakue ukiwa penye Wi-Fi kisha uyasome kwa utulivu.

Ripoti ikifunguka, tafuta ndani yake maneno ya Kiingereza "research and development". Yatatokea mara nyingi sana, pengine mara hamsini. Unahitaji sehemu tatu tu. Ya kwanza ni taarifa ya mapato na matumizi, ambapo namba iko kwenye mstari wake, na kwenye 10-K utaiona ya miaka mitatu ubavu kwa ubavu. Ya pili ni pale uongozi unapoeleza kwa nini namba imepanda au imeshuka. Ya tatu ni sera za uhasibu, kwenye maelezo ya hesabu, panapoelezwa nini kinahesabiwa kuwa utafiti. Wanafunzi wangu huishia kwenye ya kwanza. Mimi nilifanya hivyohivyo kwa Merck.

Hakikisha pia kwamba umeshika kampuni sahihi. Merck ziko mbili: ya Rahway, New Jersey, ambayo nje ya Marekani na Kanada inaitwa MSD, na ya Darmstadt, Ujerumani. Zilitengana zamani na hazina uhusiano wa umiliki, ila zote mbili ni za dawa na zote hutokea kwenye orodha za watumiaji wakubwa wa fedha za utafiti. Nimeshawahi kuona jedwali la mtu lenye utafiti wa moja na mauzo ya nyingine.

Na angalia tarehe ya kufunga mwaka. Microsoft hufunga tarehe 30 Juni. Apple hufunga Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Kampuni nyingi za Japani hufunga 31 Machi. Nvidia, watengenezaji wa chipu za kompyuta kama Intel, hufunga Jumapili ya mwisho ya Januari, na mwaka ulioisha Januari 2024 wao wanauita mwaka wa 2024, ingawa karibu wote ulikuwa 2023. Ukiiweka "Nvidia 2024" mbele ya "Intel 2024" umelinganisha vipindi viwili vilivyopishana kwa miezi kumi na moja.

Ndani ya kapu mna nini

Wataalamu wa nchi za OECD, umoja wa nchi zilizoendelea kiuchumi, walikutana mwaka 1963 katika mji wa Frascati, karibu na Roma, wakakubaliana namna ya kupima utafiti. Mwongozo wao umerekebishwa mara kadhaa, toleo la sasa ni la 2015, na unataka kazi iwe na sifa tano ndipo iitwe utafiti na maendeleo: iwe inatafuta jambo jipya, iwe ya ubunifu, matokeo yake yasiwe na uhakika, ifanywe kwa mpangilio, na matokeo yaweze kurudiwa na mwingine. Kupima ubora wa bidhaa zinazotoka kiwandani kila siku hakumo. Kuwauliza wateja wanapenda rangi gani hakumo.

Mwongozo huo ni wa takwimu za nchi. Kampuni inapoandika hesabu zake inafuata kanuni za uhasibu na mazoea yake yenyewe, na hapo ndipo makapu yanapotofautiana.

Chukua Amazon. Mwaka 2023 ilionyesha dola bilioni 85.6, na kila orodha ya haraka haraka iliiweka kileleni mwa dunia kwa utafiti. Tazama jina la mstari: "teknolojia na miundombinu". Soma sera yao. Mishahara ya watu wanaobuni bidhaa mpya imo. Imo pia mishahara ya wanaotunza mifumo iliyopo, gharama za kupanga na kuonyesha bidhaa kwenye duka lao la mtandaoni, seva, uchakavu wa vituo vya data, kodi za majengo, umeme. Vyote kapu moja, na hawasemi utafiti pekee ni kiasi gani. Kamisheni ya Ulaya, inayotoa orodha kubwa kila mwaka, iliiacha Amazon nje ya toleo lake la 2023 kwa sababu hiyohiyo. Nami kwenye jedwali langu naiandika chini ya mstari, peke yake, na maelezo pembeni.

Meta, wenye Facebook, ni kisa kingine. Mwaka 2023 iliandika dola bilioni 38.5, na hapo jina la mstari ni utafiti na maendeleo kweli. Lakini sehemu isiyo ndogo ya fedha hizo haikutoka benki: ni thamani ya hisa walizopewa wahandisi kama sehemu ya malipo yao. Ni gharama halali, wanahisa wanaibeba, na mimi siitoi. Naiandika tu, kwa sababu kampuni ya Japani inayowalipa wahandisi wake mshahara wa kawaida haina kitu cha namna hiyo ndani ya namba yake.

Upande wa pili wako wanaoonekana wadogo kuliko walivyo. Lockheed Martin, watengenezaji wa ndege za kivita, mwaka 2023 walionyesha kama dola bilioni 1.5 za utafiti wao kwa mauzo ya bilioni 67.6. Asilimia 2 na kidogo. Kwa kampuni inayounda ndege zisizoonekana na rada? Sababu ni kwamba kazi kubwa ya kubuni inalipwa na serikali kwa mkataba, hivyo inaingia kwenye mauzo na gharama za mikataba. Mstari wa utafiti unabeba fedha walizojitolea wenyewe tu.

Na wako wasioonekana kabisa. Benki kubwa hutumia mabilioni kwa teknolojia bila kuwa na mstari wa utafiti. Sisi huku tunao mfano wa karibu zaidi. M-Pesa ilianza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, Thika na Nairobi, Vodafone wakichangia fedha sambamba na ruzuku ya karibu pauni milioni moja kutoka idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, na Machi 2007 Safaricom wakaizindua. Ulikuwa utafiti kwa kila moja ya zile sifa tano: hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba mama wa sokoni ataikabidhi fedha yake kwenye simu. Ukiitafuta kwenye mistari ya utafiti ya kampuni kubwa za miaka ile huwezi kuiona kwa ukubwa wake. Kwa hiyo kampuni isiyo na mstari huu usiiandikie sifuri. Andika "haionyeshi".

Fundi na karatasi ya kukatia

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokwama, na bila hapa huwezi kulinganisha kampuni ya Ulaya na ya Marekani.

Darasani natumia mfano wa fundi cherehani. Fundi wa Kariakoo anataka kutoa mtindo mpya wa gauni. Wiki nzima anakata vitambaa vya majaribio, bega linakaa vibaya, anatupa, anakata tena. Vile vitambaa vimekwenda. Hajui kama mtindo utapatikana. Siku bega linapokaa sawa, wateja watatu wameshaona na kutoa oda, anakwenda kununua karatasi ngumu, anachora vipimo vya saizi zote na kuikata vizuri ili aitumie miaka mitatu. Karatasi ile imegharimu fedha na siku mbili za kazi. Je, ni gharama ya wiki hii iliyokwisha, au ni mali ya duka?

Wamarekani walijibu swali hilo Oktoba 1974, bodi yao ya viwango vya uhasibu ilipotoa kanuni ya pili katika historia yake: yote ni gharama, ya mwaka huohuo, vitambaa na karatasi pamoja. Zipo nafuu chache, hasa kwa programu za kompyuta, lakini msingi ni huo.

Kanuni za kimataifa, IFRS, ambazo Kenya ilizipokea 1999 na Tanzania 2004 na zinazotumika Ulaya, zinajibu tofauti. Kiwango cha IAS 38, ambacho mwanafunzi wangu yeyote anaweza kukitaja usingizini, kinasema utafiti ni gharama, vitambaa vimekwenda. Lakini maendeleo yakitimiza masharti sita yanaandikwa kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, kama mali, kisha thamani yake inashushwa kidogo kidogo kwa miaka itakayofuata. Masharti yenyewe ni haya: iwezekane kiufundi kuikamilisha kazi, uwepo mpango wa kuikamilisha, uwepo uwezo wa kuitumia au kuiuza, ionekane italeta faida, rasilimali za kuimalizia ziwepo, na gharama zake ziweze kupimwa kwa uhakika.

Sasa fungua ripoti ya Volkswagen ya mwaka 2023. Kitengo chao cha magari kilitumia zaidi ya euro bilioni 21 kwa utafiti na maendeleo. Kama nusu yake ikaandikwa kwenye mizania. Ni sawa: modeli ya gari ikishapitishwa, mfano wake umeshaendeshwa barabarani na kiwanda kimeshatengewa, masharti sita yametimia. Kilichoingia kwenye hesabu ya faida ya mwaka ni nusu iliyobaki, pamoja na vipande vya gharama za maendeleo za miaka ya nyuma vinavyoendelea kushushwa. Kwa hiyo ripoti moja ina namba tatu, na zote ni za kweli: fedha zilizotumika, zilizopelekwa kwenye mizania, na zilizoingia kwenye faida na hasara.

Unapolinganisha na Mmarekani, chukua fedha zilizotumika. Kampuni za magari za Ujerumani huweka jedwali dogo linaloonyesha hatua hizo zote. Tafuta neno "capitalised", au "capitalized" kwa tahajia ya Kimarekani, nawe utalifikia. Ukichukua mstari wa faida na hasara utakuwa umemkata Mjerumani kipande kikubwa bila sababu.

Kampuni za dawa za Ulaya zinafuata IFRS ileile, lakini kwao kiasi kinachokwenda kwenye mizania kutokana na kazi yao wenyewe ni kidogo sana. Hoja yao ni kwamba kabla mamlaka haijaidhinisha dawa, hakuna awezaye kusema itafaulu. Mzee mfamasia alipoisikia hiyo alitikisa kichwa kukubali. Ameona dawa nyingi zikifia njiani.

Asilimia ina miguu miwili

Asilimia ya utafiti kwa mauzo ndiyo kipimo kinachopendwa kuliko vyote, na nami naitumia. Lakini ikisogea, uliza ni mguu gani umesogea, utafiti au mauzo.

Huawei mwaka 2020 ilitumia yuan bilioni 141.9, sawa na asilimia 15.9 ya mauzo. Mwaka 2021, yuan bilioni 142.7, asilimia 22.4. Anayesoma asilimia peke yake atasema Huawei wameongeza utafiti kwa nguvu. Fedha karibu hazikusogea. Kilichotokea ni kwamba mauzo yalianguka kutoka yuan bilioni 891.4 hadi 636.8, vikwazo vya Marekani vilipoikaba biashara yake ya simu na baada ya kuiuza chapa ya Honor. Habari ya kweli katika namba hizo, na mimi naiheshimu, ni kwamba walipoteza zaidi ya robo ya mauzo bila kupunguza watafiti. Kufikia 2023 walikuwa yuan bilioni 164.7, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wao wote, kama watu 114,000, walikuwa kwenye utafiti.

Nvidia ni kinyume chake. Mwaka ulioisha Januari 2023, dola bilioni 7.3 za utafiti, asilimia 27 ya mauzo. Mwaka uliofuata, bilioni 8.7, asilimia 14. Uliofuata tena, bilioni 12.9, chini ya asilimia 10. Fedha zinapanda kila mwaka, asilimia inaporomoka, kwa sababu mauzo yalipaa kutoka bilioni 27 hadi 130.5 ndani ya miaka miwili. Kijana mmoja darasani aliniandikia kwenye mtihani kwamba Nvidia "inapunguza nia ya utafiti". Nikamwita baada ya kipindi, tukachora miguu yote miwili ubaoni, kila mmoja na mstari wake. Aliuona mwenyewe bila mimi kusema neno.

Asilimia pia haivuki uzio wa sekta. Toyota kwa mwaka ulioisha Machi 2024 ilitumia yen trilioni 1.2, chini ya asilimia 3 ya mauzo. Intel mwaka 2023 ilitumia dola bilioni 16, karibu asilimia 30. Gari lina chuma, matairi, vioo, bei yake kubwa ni vitu. Linganisha Toyota na Volkswagen, Intel na Nvidia, na uishie hapo.

Sarafu

Kwa ufupi. Yen trilioni 1.2, dola moja ikiwa yen 115 kama mwanzoni mwa 2022, ni dola bilioni 10.4. Dola ikiwa yen 151 kama Machi 2024, ni bilioni 7.9. Hakuna mhandisi aliyeondoka Toyota City. Ukifuatilia kampuni moja kwa miaka, baki kwenye sarafu yake. Badilisha kwenda dola pale tu unapolinganisha kampuni mbili, tumia kiwango kimoja, na kiandike chini ya jedwali pamoja na tarehe yake.

Fedha zinatua wapi

Watu wakisikia utafiti wa dawa wanaona maabara ya Basel au Boston. Sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwenye majaribio kwa binadamu, na majaribio mengine hufanyika kwetu. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo kazi yake ilianza kwenye kampuni ya dawa ya GSK tangu miaka ya 1980, ilifanyiwa majaribio ya awamu ya tatu kati ya 2009 na 2014 katika vituo kumi na kimoja vya nchi saba za Afrika: Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, Kilifi, Siaya na Kombewa kwa Kenya, vingine Malawi, Msumbiji, Ghana, Burkina Faso na Gabon. Watoto 15,459. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021.

Naitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, ukisoma mstari wa utafiti wa kampuni ya dawa, ujue ndani yake wamo wauguzi, majokofu ya kutunzia chanjo, nauli za akina mama wanaorudi kliniki, na miaka ya kumfuatilia mtoto mmoja mmoja. Ndiyo maana namba hazishuki kwa urahisi hata kompyuta zikizidi kuwa na akili. Ya pili ni ya kihasibu: jaribio lile lilichangiwa pia na fedha za taasisi ya Gates kupitia shirika la PATH. Thamani ya kazi nzima ni kubwa kuliko ile iliyobebwa na hesabu za GSK peke yake. Palipo na mfadhili, soma maelezo kuhusu ruzuku kabla hujasema kampuni "imetumia".

Simu ya tochi

Mama yangu alikuwa na Nokia 1100, ile ya tochi, aliyoifunga mpira wa manati betri isichomoke. Umeme ukikatika ndiyo iliyokuwa taa ya kwenda kufunga banda la kuku. Kwa hiyo mfano huu kwangu si wa vitabuni.

Mwaka 2010 Nokia ilitumia euro bilioni 5.9 kwa utafiti na maendeleo, karibu asilimia 14 ya mauzo. Kwa bei ya mwaka ule ni kama dola bilioni 7.8. Apple mwaka huohuo wa fedha ilitumia dola bilioni 1.8, chini ya asilimia 3. Ukifuata hatua zangu utafungua kapu la Nokia na kukuta humo mitambo ya mitandao ya Nokia Siemens na ramani za Navteq. Ziondoe zote mbili. Upande wa simu peke yake bado uliizidi Apple. Septemba 2013 Nokia ikakubali kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu, kwa euro bilioni 5.44 pamoja na leseni za hataza. Chini ya fedha za utafiti za mwaka mmoja.

Namba hii hupima kilichoingia. Kilichotoka kinahitaji safu nyingine, na kila sekta ina safu yake: kwa dawa naandika zilizoidhinishwa katika miaka mitano, kwa magari modeli mpya zilizofika sokoni, kwa simu naangalia mauzo ya bidhaa ambazo miaka mitatu nyuma hazikuwepo. Hataza naziangalia kwa uangalifu, maana ni rahisi kuzihesabu na ni vigumu kuzipima.

Orodha ya Ulaya

Ukitaka picha ya dunia nzima bila kufungua ripoti elfu mbili, itumie ile ya Kamisheni ya Ulaya, inayoandaliwa na kituo chao cha utafiti cha Sevilla, Hispania, tangu 2004. Inapatikana bure. Toleo la 2023 lilikuwa na kampuni 2,500 zilizotumia jumla ya kama euro trilioni 1.25 mwaka 2022. Za Marekani zilibeba asilimia 42, za China na za Umoja wa Ulaya kama asilimia 18 kila upande. Naiamini kwa sababu wao husoma maelezo ya hesabu kabla yangu. Wanahesabu fedha za kampuni yenyewe tu, kazi za mkataba wa serikali hawaziingizi, na Volkswagen kwao inaonekana na fedha zote ilizotumia. Ila hubadilisha sarafu kwa kiwango cha mwisho wa mwaka, na toleo la 2024 lilipunguza orodha hadi kampuni 2,000. Usichukue jumla ya toleo moja ukaitoa kwenye jumla ya jingine.

Jedwali la sasa

Langu lina safu saba. Jina na makao makuu, tarehe ya kufunga mwaka, fedha zilizotumika kwa sarafu ya nyumbani, kiasi kilichokwenda kwenye mizania, manunuzi ya kampuni au ubia yaliyopitishwa kwenye mstari wa utafiti, mauzo, na mwisho "kapu", ambamo naandika kwa maneno yangu, si zaidi ya mistari miwili, nini kimo. Asilimia naikokotoa baada ya hapo, tena mara mbili: pamoja na manunuzi na bila manunuzi. Kampuni moja hunichukua kama dakika arobaini. Kumi kwa mwezi zinanitosha.

Ripoti huja kwa msimu wake. Microsoft mwisho wa Julai, Apple kuelekea mwanzoni mwa Novemba. Alphabet (wenye Google), Meta na Amazon kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari. Nvidia na Merck baadaye mwezi huohuo wa pili. Volkswagen na Huawei Machi, Toyota Juni.

Niliporudi barazani mwezi uliofuata na jedwali jipya, Merck walikuwa mstari wa nne, na mbele yao zimeandikwa asilimia za aina mbili, 51 na 23. Nikawaeleza nilipokosea. Mzee akaivaa miwani, akavuka safu zote za namba kwa kidole, akaanza kusoma ile ya "kapu".